Kifungo Kimekwisha, Mlango wa Chuo Haujafunguliwa

Kila mwaka, majira ya kuomba nafasi za vyuo yanapowadia, misikiti yetu hushughulika. Matangazo husomwa baada ya swala ya Ijumaa, walimu hujitolea kuwasaidia vijana kujaza fomu, na wazee huchangishana ada kwa ajili ya watoto wa majirani waliofaulu kidato cha sita. Ni kazi njema na hatuna neno nayo. Lakini miongoni mwa maamuma wanaoyasikiliza matangazo hayo wamo watu ambao hakuna anayedhani kuwa yanawahusu. Ni watu wazima wa miaka 35, 40 na zaidi, waliowahi kuhukumiwa na mahakama, wakatumikia vifungo vyao, wakarudi mitaani kwao, na sasa wanataka kusoma. Wengi wao hawasemi. Wameshalijua jibu watakalopewa, au wanadhani wanalijua.

Wala idadi yao si ndogo kama tunavyojifariji. Hapa Tanzania, tarehe 9 Desemba 2017, Rais John Magufuli alitoa msamaha uliowagusa wafungwa 8,157, baadhi wakitoka papo hapo na wengine wakipunguziwa siku zao. Na tarehe kama hiyo mwaka 2019 akatoa msamaha kwa wafungwa 5,533. Hao ni mbali na wale wanaotoka kila wiki kimya kimya, kwa sababu tu muda wao umetimia. Hao wote walirudi wapi? Walirudi katika nyumba zilizo jirani na misikiti yetu.

Twapenda kusema wazi tangu mwanzo tunalolikusudia. Hukumu ya mahakama ina mwanzo na ina mwisho. Hakimu aliyetamka miaka saba hakutamka miaka saba na kisha kunyimwa elimu mpaka kaburini. Anayeongeza adhabu baada ya hapo, awe msajili wa chuo, mwenyekiti wa mtaa au mjumbe wa kamati ya msikiti, anajitwalia kazi ya hakimu bila ya kuapishwa. Hatusemi kwamba yaliyopita yasiulizwe kamwe. Tunasema kwamba mahali pa kuyauliza ni padogo kuliko tunavyopafanya, na kwamba kwa hapa kwetu kikwazo kikubwa si fomu ya chuo bali ni sisi tunaoombwa kumshuhudia mwenye fomu.

Tuvitazame vikwazo vyenyewe. Mtu aliyeacha shule akiwa kidato cha pili, kisha akapotea katika mambo ya ujana na hatimaye akafungwa, akitoka hana cheti chochote cha kuanzia. Inambidi afanye Mtihani wa Maarifa, ule uliozoeleka kwa jina la QT, ndipo asajiliwe mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hiyo ni miaka miwili au zaidi ya kusoma usiku na kufanya vibarua mchana, kabla hata hajaiona fomu ya chuo. Akifaulu hukutana na suala la fedha. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu imekuwa ikiweka kikomo cha umri; katika mwongozo wa mwaka wa masomo 2023/2024 kikomo hicho kilikuwa miaka 35. Mtu aliyepoteza miaka kumi gerezani huwa amekipita. Tena ziko kozi ambazo huwezi kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo mpaka uonyeshe cheti cha tabia njema kutoka Polisi. Kisha liko hili linaloonekana dogo: barua mbili za wadhamini, watu wenye heshima zao wanaomfahamu mwombaji.

Hapo kwenye barua ndipo tunapotaka kukaa.

Tunamfahamu ndugu mmoja, jina lake na mji wake tumevihifadhi kwa sababu zilizo wazi, aliyetumikia miaka tisa kwa kosa la unyang'anyi. Gerezani alijifunza useremala, na zaidi ya hapo akawa ndiye anayewasomea na kuwaandikia barua wenzake wasiojua kusoma. Alipotoka alikuwa na miaka 36. Akafanya mtihani wa QT, akafanya wa kidato cha nne, akapata alama zilizomtosha kuomba kozi ya cheti katika chuo kimoja. Fomu haikumuuliza kama aliwahi kufungwa. Ilimtaka alete barua mbili tu.

Akaenda kwa mtu wa kwanza, ambaye ni msemaji mzuri sana mimbarini. Akaambiwa njoo kesho, na ile kesho ikaendelea kwa wiki tano. Akaenda kwa wa pili, mtumishi wa ofisi, ambaye alikubali palepale na kuandika barua nzuri yenye muhuri, lakini katika mstari wa kwanza kabisa aliandika kwamba mwombaji “aliwahi kufungwa kwa kosa la unyang'anyi, ingawa sasa amebadilika.” Hakuna aliyemuuliza hilo. Alipoelezwa kwamba fomu haikutaka habari hiyo, alijibu kuwa yeye anaogopa kuficha. Wa tatu alikuwa muuza duka aliyeishia darasa la saba. Yeye aliandika kwa mkono wake kwamba anamjua mtu huyu kwa miaka minne, kwamba humkopesha misumari na mbao na hulipa siku aliyoahidi, na kwamba mtoto wake mwenyewe hufundishwa hesabu na mtu huyu jioni bila ya malipo. Basi. Katika barua zote tatu, hiyo moja ambayo haikuandikwa, hiyo ya pili na hiyo ya muuza duka, ni ya muuza duka peke yake iliyokuwa ushahidi. Nyingine mbili zilikuwa ni hofu ya waandishi wake.

Yule wa pili hatumlaumu kwa nia yake, kwani suala la kuficha linawatatiza wengi na linastahili kuelezwa. Kusema uongo ni kitu kimoja, na kusitiri ni kitu kingine. Chuo kikiuliza, mwombaji ajibu kweli, tena ajibu kwa ukamilifu: kosa, mwaka, kifungo, tarehe ya kutoka. Asipunguze, kwani uongo ukigundulika katika mwaka wa pili wa masomo utamfukuzisha yeye na utawafungia mlango watakaomfuata. Lakini chuo kisipouliza, si juu yake kujitangaza, na si juu ya mdhamini wake kumtangaza. Dini yetu imetufundisha kusitiri aibu ya mtu aliyekwisha kuiacha. Ni ajabu kwamba tunalifahamu hilo vizuri linapohusu aibu za matajiri wetu, na tunalisahau linapomhusu aliyevaa sare za gereza.

Katika Bukhari imo habari ya mtu mmoja wa Madina aliyeletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) kwa kosa la kunywa ulevi, akapigwa, na haikuwa mara ya kwanza kuletwa. Mmoja katika waliokuwapo akamlaani. Mtume (S.A.W.) akakataza. Tuzingatie kwamba adhabu yenyewe haikufutwa. Mtu yule aliadhibiwa kama ilivyostahiki. Kilichokatazwa ni ile nyongeza ya watazamaji.

Iko pia sira ambayo tunaona ajabu haitajwi zaidi tunapozungumzia vyuo, nayo ni ya Fudhail bin Iyadh. Wanahistoria wanasimulia kwamba alikuwa mnyang'anyi katika njia iliyo baina ya Abiward na Sarakhs, huko Khurasani. Haikuwa tuhuma ya kusingiziwa wala wizi wa kuku. Misafara ilikuwa ikisimama usiku kwa kumwogopa, na inasimuliwa kwamba miongoni mwa yaliyomfanya atubu ni kuwasikia wasafiri wakishauriana wangoje asubuhi kwa sababu Fudhail yuko njiani. Sasa tutazame alikwenda wapi baada ya kutubu. Alikwenda Kufa, mji uliokuwa kama mji wa vyuo wa zama zile, akakaa chini kuandika hadithi kwa akina Mansur bin al-Mu'tamir na al-A'mash. Ibn Saad, mwandishi wa Tabaqat, anaeleza kwamba alifika Kufa akiwa tayari ni mtu mzima. Kwa maneno ya leo, huyu ni mwanafunzi aliyechelewa kuanza, tena mwenye rekodi ya jinai. Baadaye akahamia Makka, akafariki huko mwaka 187 Hijria. Miongoni mwa waliopokea kwake ni Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu hii.

Mtu anaweza kutuambia kwamba huyo alikuwa walii, na kwamba jirani yetu aliyetoka gerezani si Fudhail. Kweli. Lakini hoja yetu haimhusu Fudhail pekee, inawahusu zaidi waliompokea. Wanazuoni wa hadithi walikuwa wakali katika kuchunguza tabia za watu kuliko afisa udahili yeyote anayeishi leo. Walikuwa na elimu nzima kwa kazi hiyo, wakieleza nani mkweli, nani msahaulifu, nani alibadilika akili uzeeni. Kama kanuni ingekuwa kwamba aliyewahi kuwa mnyang'anyi haaminiki tena, wao wangekuwa wa kwanza kuisimamia. Badala yake waliyaandika yote mawili: kwamba alikuwa mnyang'anyi, na kwamba ni mwaminifu katika anayoyapokea. Hawakuificha habari ya kwanza, wala hawakuiruhusu iifute ya pili. Bukhari na Muslim wote wawili wamepokea hadithi kwa njia yake. Ni kusema kwamba, anayefungua vitabu hivyo leo anajifunza dini yake kwa sehemu kutokana na mtu ambaye baadhi ya kamati zetu zisingempa barua ya utambulisho.

Ama kuhusu umri, hatuna haja ya kurefusha. Al-Qaffal al-Marwazi, aliyefariki mwaka 417 Hijria na kuwa kiongozi wa wanazuoni wa Kishafi wa Khurasani, alikuwa fundi wa kufuli, na jina lake lenyewe ndilo maana yake; alianza kusoma fiqhi akiwa na miaka 30 hivi. Anayemcheka mzee wa miaka 40 aliyebeba daftari amcheke na al-Qaffal.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba mzigo huu ni wetu peke yetu, au kwamba nchi zenye vyuo vingi zilishaumaliza zamani. Marekani, ambako wako ndugu zetu wengi waliohamia kutoka Somalia, Kongo na pwani hii, ilijadili suala hili kwa miaka mingi na hadharani, na katika mjadala wake yamo ya kujifunza. Kulikuwa na wakati ambapo wafungwa wa huko waliweza kusoma chuo kwa ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, inayotolewa kwa wanafunzi wasio na uwezo. Sheria ya uhalifu ya mwaka 1994 ikawaondoa. Programu za vyuo ndani ya magereza zikafungwa moja baada ya nyingine. Ilichukua zaidi ya miaka ishirini kurudi nyuma: serikali ilianza kwa majaribio mwaka 2015, Bunge likapitisha sheria Desemba 2020, na tangu tarehe 1 Julai 2023 wafungwa wanastahiki tena ruzuku hiyo kwa programu zilizoidhinishwa. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2013, taasisi ya utafiti ya RAND ilikusanya tafiti za miaka mingi na kuona kwamba wafungwa walioshiriki masomo gerezani walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kurudi katika uhalifu, pungufu kwa pointi 13 za asilimia, wakilinganishwa na wasioshiriki. Kwa mwenye nyumba anayeogopa kuibiwa hiyo si habari ya huruma, ni habari ya usalama wake.

Lakini lililotushughulisha zaidi ni swali la kwenye fomu. Fomu ya pamoja ya maombi, Common Application, inayotumiwa na mamia ya vyuo vya Marekani, ilianza mwaka 2006 kumuuliza kila mwombaji kama aliwahi kutiwa hatiani. Vyuo vya umma vya jimbo la New York, mfumo uitwao SUNY wenye kampasi 64, navyo vilikuwa na swali la namna hiyo. Mwaka 2015 ukachapishwa utafiti juu ya yaliyowapata waliojibu ndiyo. Wengi wangedhani kwamba walikataliwa. Sivyo. Karibu theluthi mbili yao hawakuyakamilisha maombi, ilhali kwa waombaji wote kwa jumla walioacha njiani walikuwa kama mmoja katika watano. Baada ya kuweka alama katika kile kisanduku kidogo walitakiwa kuleta nyaraka juu ya nyaraka, barua kutoka magereza, maelezo kutoka kwa maafisa wa kuwasimamia, na baadhi ya nyaraka hizo zilikuwa hazipatikani. Wakachoka, au wakaona aibu, wakaacha. Chuo hakikuwa na haja ya kumfukuza mtu. Swali lilimfukuza kwa niaba yake. SUNY ililiondoa swali hilo katika fomu yake ya maombi kwa uamuzi wa mwaka 2016, na Common Application ikaliondoa katika sehemu yake ya pamoja kuanzia maombi ya mwaka 2019/2020, ingawa kila chuo kilibaki na hiari ya kuuliza katika sehemu yake chenyewe.

Tunamtambua hapa yule mtu wa kwanza katika kisa chetu, yule wa njoo kesho. Hakumkataa mtu. Alimwacha achoke.

Sasa tuje kwenye upande ambao wenye huruma nyingi huukwepa. Je, kila kosa ni sawa na kila kozi ni sawa? Hatuoni hivyo. Uingereza, chombo cha udahili cha vyuo vikuu, UCAS, kiliacha kuwauliza waombaji wote kuhusu makosa yao kuanzia walioomba kuingia mwaka 2019, lakini kikabakiza swali hilo kwa kozi kama ualimu, udaktari na ustawi wa jamii. Jimbo la Louisiana nchini Marekani, ambalo kwa sheria ya mwaka 2017 lilivizuia vyuo vyake vya umma kuuliza historia ya jinai wakati wa udahili, liliacha nje makosa ya kunajisi na ya kumwandama mtu kwa vitisho. Tunaona huo ni uamuzi wa busara. Aliyemdhuru mtoto asitafute ualimu wa chekechea, na kamati ya msikiti isimwandikie barua ya kwenda huko kwa kisingizio cha toba. Toba yake ni baina yake na Mola wake, na watoto ni amana yetu. Lakini kutokana na hilo hatuwezi kuruka mpaka kwa kijana aliyefungwa kwa bangi, au mlinzi aliyeiba mafuta ya jenereta, tukamzuia asisome uhasibu au ufundi umeme au lugha. Kosa liangaliwe pamoja na kozi. Asiyetaka kufanya kazi hiyo ya kupima, akaona rahisi kuwafungia wote, anajipumzisha kwa gharama ya wengine.

Yuko pia aliyedhulumiwa. Mara nyingi husali katika msikiti uleule. Mtu aliyevunjiwa duka mwaka 2009 na hakulipwa chochote, kisha leo anasikia msikiti unamchangia ada aliyemvunjia, ana haki ya kukasirika, na anayemwambia asamehe tu hamtendei uadilifu. Wanazuoni wametufundisha kwamba toba inayohusu haki za watu haitimii mpaka haki irudishwe au mwenyewe asamehe. Basi kama kamati inataka kuuliza swali kabla ya kusaini barua, ilikuwa iulize hilo: je, umekwenda kwa uliyemdhulumu? Umempa nini, au mmeelewana vipi? Swali hilo lina faida kwa watu wawili kwa wakati mmoja. Ndugu yetu seremala, tumeambiwa, alimtengenezea mtu aliyemwibia meza na makabati kwa muda wa miezi kadhaa bila ya malipo, kwa mapatano yao wenyewe, na wala hakuna ofisi iliyomtaka afanye hivyo.

Hapa Afrika Mashariki tunayo mifano ya kutosha inayoonyesha kwamba akili haifi gerezani. Katika gereza la Luzira, Kampala, Susan Kigula, aliyekuwa amehukumiwa kifo, alisomea sheria kupitia Chuo Kikuu cha London. Na kesi yenye jina lake na la wenzake 417 ndiyo ambayo Mahakama ya Juu ya Uganda iliitolea uamuzi mwaka 2009 kwamba hukumu ya kifo isiwe ya lazima. Aliachiwa mwaka 2016. Katika magereza ya Kamiti na Lang'ata, Nairobi, wafungwa pamoja na askari wao wamesoma sheria kwa mpango huohuo. Lililo zito kwetu ni kwamba mpango kama huo una walimu, una vitabu, una ratiba, na mwanafunzi anajulikana kuwa ni mwanafunzi. Akitoka nje, anapokelewa na mtaa ambao hauna jina lolote la kumwita isipokuwa lile la kosa lake. Huko ndani alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Hapa kwetu ni “yule aliyefungwa”.

Wala si kweli kwamba njia hazipo. Uganda, Makerere imekuwa na mtihani wa kuingilia kwa watu wazima waliofikisha miaka 25, wasiopitia njia ya kawaida ya shule. Tanzania ina Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho kwa asili yake kilikusudiwa mtu anayefanya kazi mchana na kusoma usiku. Ina pia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Fundi aliyejifunza kazi mikononi, hata kama mikono hiyo ilijifunza gerezani, anaweza kwenda VETA ujuzi wake upimwe na kupewa cheti. Tatizo ni kwamba habari hizi hazisomwi katika matangazo yetu ya Ijumaa. Tunasoma za kidato cha sita tu.

Basi haya tunayaelekeza kwa kamati za misikiti, na hatuyaelekezi kama wasia bali kama kazi. Kila kamati iwe na watu wawili, wasiopungua, wanaojulikana kuwa ndio wanaoandika barua za utambulisho, na mwombaji ajibiwe ndani ya siku saba, kwa ndiyo au kwa hapana yenye sababu. Barua iseme yale ambayo mwandishi ameyaona mwenyewe na muda aliomjua mtu, kama alivyofanya muuza duka. Siri ya mwombaji isigeuzwe mazungumzo ya barazani. Fungu la ada lisiwe na kikomo cha umri, kwa kuwa mtu wa miaka 42 mwenye watoto wanne akipata kazi ya halali ni watu watano wamepata. Pale penye darasa la watoto jioni, mwalimu abakie saa moja baada ya Isha kwa ajili ya watu wazima wanaojiandaa na QT. Hesabu na Kiingereza ndiyo yanayowaangusha wengi, na walimu wa masomo hayo wamo humu humu misikitini.

Na kwa mwenyewe anayesoma au kusomewa makala haya: usingoje mpaka jamaa wote wakubali. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mapema mwaka, miezi mingi kabla ya mtihani wenyewe wa Novemba, na anayechelewa hulipa zaidi. Tafuta cheti chako cha kuzaliwa sasa, kwani hicho ndicho kinachochelewesha wengi. Hati yako ya kutoka gerezani itunze mahali pakavu pamoja na vyeti vya ufundi ulivyopata huko. Siku utakapoulizwa utakuwa na tarehe kamili mkononi. Ukihitaji barua na huna wa kumwendea, njoo tulipo baada ya swala ya Alasiri siku ya Jumamosi.